Shule za Serikali na Shule za Watu

Wasomaji wetu wa bara, hasa walimu na wazee wa vijiji, mara nyingi huuliza hivi: "Twasikia ya kuwa mjini ziko shule za serikali, na ziko nyingine za watu wenyewe. Je, zipi zilizo bora? Na mtu auzaye korosho zake au ng'ombe wake ili apate ada ya shule ya mjini, afanya jambo la akili au ajidanganya?" Swali hili ni zito, kwa maana ndani yake mna mali ya mzazi na maisha ya mtoto, na vitu hivyo viwili vikipotea havirudi upesi. Kwa hiyo leo twataka kulieleza jambo hili taratibu, tukitazama yaliyotokea na yanayotokea katika mji wa Dar es Salaam, hasa mitaa ya Kariakoo, na ng'ambo yake katika kisiwa cha Unguja.

Mtu akisimama Kariakoo asubuhi na mapema, kabla wachuuzi hawajatandaza bidhaa zao, ataiona habari yote kwa macho. Katika Mtaa wa Msimbazi watoto wamesimama kundi zima, wamevaa sare, wangoja daladala. Makonda hawawapendi sana, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na mtoto asiye na nguvu za kusukumana huachwa kituoni. Mara basi la shule lapita, watoto wengine wamekaa vitini mwao, wapelekwa kwenye shule ambayo wazazi wao wailipia. Yamkini watoto hao wote wamelala katika nyumba moja ya kupanga, na baba zao wauza nguo katika maduka yanayopakana Mtaa wa Kongo. Lakini mmoja asoma kwa fedha ya kodi na mwingine kwa fedha ya mfuko wa babaye.

Si mbali na hapo pana Mtaa wa Aggrey. Watu wengi hupita humo kila siku kununua vitu, wala hawaulizi Aggrey alikuwa nani. Tutamtaja mbele, kwa sababu safari aliyoifanya huku kwetu ina sehemu katika mambo haya ya shule.

MAANA YA MANENO HAYA

Kwanza yafaa tujue maana ya maneno tunayoyatumia. Shule ya serikali ni ile ambayo serikali ndiye mwenyewe: walimu wake huajiriwa na serikali, na gharama zake hutoka katika kodi ya watu wote. Shule ya watu, ambayo siku hizi huitwa shule binafsi, ni ile yenye mwenyewe mwingine: pengine ni Kanisa, au jumuiya ya Waislamu, au chama cha wazazi, au kampuni, au mtu mmoja tu. Huyo ndiye aajiriye walimu, na fedha zake hutoka katika ada na michango. Lakini shule za namna zote mbili hazina budi kusajiliwa na Wizara ya Elimu, na isipokuwa zile chache za kimataifa, zote hufuata mtaala wa taifa, na watoto wao hufanya mitihani ile ile ya Baraza la Mitihani.

Watu wengi hudhani ya kuwa alama ya shule binafsi ni lugha ya Kiingereza. Sivyo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na shule nyingi za watu hufundisha kwa Kiingereza. Lakini huko Upanga, karibu na katikati ya mji, ziko shule za msingi za Olympio na Diamond ambazo ni za serikali, nazo hufundisha kwa Kiingereza, na wazazi huchangia ada. Tena mtoto wa shule ya serikali akiingia sekondari hufundishwa kwa Kiingereza vile vile. Basi lugha peke yake haimwambii mzazi kuwa shule ni ya nani, wala kuwa ni nzuri au mbaya.

MAMBO YALIVYOANZA UNGUJA

Kabla ya shule hizi za namna mbili, pwani na visiwani palikuwa na chuo cha Kurani. Mtoto alikaa juu ya mkeka na ubao wake, na mwalimu alipata riziki kidogo kidogo kutoka kwa wazazi. Hiyo ndiyo shule ya watu iliyo ya kale kuliko zote katika nchi zetu. Baadaye wamisheni wa Kiingereza wa UMCA wakajenga chuo cha Mtakatifu Andrea huko Kiungani, Unguja, wakawafundisha kwanza vijana waliookolewa katika utumwa. Chuo hicho kilihamishwa mwaka 1925 kikaja Minaki, karibu na Dar es Salaam.

Mwaka 1905 ulikuwa mwaka mkubwa katika habari ya shule za Unguja. Mwaka huo jamaa wa Aga Khan walifungua shule yao kisiwani, iliyokuwa miongoni mwa shule zao za kwanza duniani. Katika siku zizo hizo serikali ya Sultani Ali bin Hamud ilimleta Sheikh Abdul Bari kutoka Misri aanze kufundisha katika shule ya serikali. Basi twaona kwamba katika kisiwa kimoja shule ya serikali na shule ya jamaa zilianza kukua pamoja.

Lakini wazee wengi wa Unguja na Pemba hawakuipenda shule ya serikali kwa miaka mingi. Waliogopa ya kuwa watoto wao wataisahau dini. Serikali iliona madarasa matupu, na haikupata watoto wengi mpaka ilipokubali kuitia Kurani katika masomo ya shule. Hapo pana funzo ambalo hata leo halijachakaa: shule ambayo wazee hawaiamini hubaki majengo tu, hata kama imejengwa kwa mawe mazuri na hakuna ada inayotakwa.

MAMBO YA DAR ES SALAAM NA SAFARI YA AGGREY

Upande wa bara, Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, kisha mahali pengine pwani. Walitaka makarani na wakalimani wa kuwasaidia katika kazi ya utawala, na masomo yalikuwa kwa Kiswahili. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya vita vya 1914–1918, walimtoa Bwana S. Rivers-Smith aliyekuwa mkuu wa elimu Unguja, na mwaka 1920 wakamfanya Mkurugenzi wa Elimu wa kwanza wa Tanganyika. Hivyo mtu aliyejifunza kazi yake kisiwani ndiye aliyeupanga mwanzo wa shule zao huku bara.

Mwaka 1924 ikaja tume kutoka Marekani, tume ya Phelps-Stokes, kuchungua elimu ya Waafrika. Katika wajumbe wake alikuwamo Mwafrika, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Watu walishangaa kumwona mtu mweusi amekaa meza moja na wakubwa wa serikali, akisema nao kama mwenzao. Husimuliwa ya kuwa hapa Dar es Salaam alionana na Kleist Sykes, akamhimiza kuwaunganisha Waafrika katika chama chao. Chama hicho, African Association, kilianzishwa mwaka 1929, na Sykes akawa katibu wake. Jina la Aggrey likabaki Kariakoo katika mtaa tuliokwisha kuutaja.

Shauri la tume lilikuwa kwamba serikali na misheni zishirikiane. Mwezi wa Oktoba 1925 serikali na wamisheni walikutana Dar es Salaam, na mwaka 1927 ikatoka sheria ya elimu. Maana yake ilikuwa hii: shule ya watu ikisajiliwa, ikakubali kukaguliwa, na ikafundisha kwa kipimo kilichowekwa, serikali itaisaidia kwa fedha. Neno hili lilikuwa jema, maana ndipo shule nyingi za misheni zilipopata walimu waliofunzwa. Lakini lilikuwa na upungufu wake. Msaada ulikwenda kwa aliyekwisha kuwa na shule, na wenye shule kwa wingi walikuwa wamisheni. Vyuo vya Kurani havikupata kitu. Tena shule za kupandia juu zilikuwa chache mno: Tabora ya serikali, na zile za misheni kama Minaki, Pugu na Mtakatifu Maria Tabora.

Fikiri basi mzazi wa Kariakoo siku zile. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, na upande wa pili wa kiwanja cha Mnazi Mmoja ndiko Kariakoo, mji wa Waafrika, na wengi wao Waislamu. Shule nazo ziligawanywa vivyo hivyo, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha iliyotumika kwa mtoto wa Kiafrika ilikuwa ndogo kuliko zote. Mzazi wa Kariakoo alikuwa na shule ya serikali yenye nafasi haba, au misheni ambayo aliiogopea imani ya mwanawe.

Ndipo wazee wa mji wakaamua kujifanyia wenyewe. Katika miaka ya 1930 walianzisha chama cha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa walioongoza. Wakachanga, wakajenga shule katika mitaa yao, na watoto wakafundishwa dini pamoja na masomo ya dunia. Mwaka 1945 ikaanzishwa Mombasa jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na Aga Khan akaahidi kutoa pauni moja kwa kila pauni waliyoichanga Waislamu wenyewe. Na mwaka 1955 wazazi wa Kiafrika waliunda chama chao, TAPA, kilichofungua shule mahali pengi ambapo serikali haikufika. Watu hawa hawakuwa matajiri. Walijenga kwa sababu walikuwa na watoto na hawakuwa na pa kuwapeleka.

SERIKALI ILIPOZITWAA SHULE

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, jambo moja la kwanza lilikuwa kuondoa shule za rangi. Tangu mwaka 1962 mtoto yeyote aliruhusiwa kuingia shule yoyote ya nchi. Unguja mambo yalikwenda kwa mbio zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, tarehe 23 Septemba mwaka ule ule, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na shule za jumuiya mbalimbali zikawa za serikali. Siku hiyo hukumbukwa visiwani hata leo.

Huku bara ikafuata Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kwa sheria hiyo serikali ilizitwaa shule za misheni na za jumuiya zilizokuwa zikipata msaada wake. Hapa Dar es Salaam shule ya wavulana ya Aga Khan ikaitwa Tambaza, na ile ya Mtakatifu Yosefu karibu na bandari ikaitwa Forodhani, ambayo baada ya miaka mingi ilirudishwa kwa Kanisa. Seminari za mapadre ziliachwa. Kisha mwaka 1974 chama cha TANU kilikata shauri Musoma kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 kazi hiyo ikashika kasi nchini kote.

Kwa kweli lilikuwa jambo kubwa. Watoto wa wakulima waliosoma chini ya miembe wamekuwa madaktari na majaji. Lakini serikali ilipoyachukua yote mikononi mwake, uwezo wake haukutosha. Shule za msingi zilijaa, na sekondari zikabaki chache, hata mtoto aliyefaulu darasa la saba aliweza kukosa nafasi. Wazazi hawakukaa kimya. Wakachanga tena kama wazee wa Kariakoo walivyochanga zamani, na chama cha TAPA, kilichogeuka kuwa Jumuiya ya Wazazi, kilikuwa miongoni mwa waliojenga. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, sekondari za watu zilikuwa nyingi kuliko za serikali.

Huko Unguja mambo yalifuata njia iyo hiyo. Shule binafsi zilirudi katika miaka ya 1990. Tena kwa habari ya elimu ya juu, shule ya watu ilitangulia: Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, ambacho ni cha binafsi, kilianza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikaanza kazi mwaka 2001.

Twaomba msomaji aliangalie jambo hili vizuri. Nchi yetu, bara na visiwani, imekwisha kujaribu njia zote mbili. Wakati wa ukoloni serikali iliwaachia watu sehemu kubwa ya kazi, na watoto wengi hawakuona mlango wa shule. Baada ya hapo serikali ilitaka kufanya peke yake, na watoto wengi waliishia mlangoni mwa sekondari. Kila upande ulipoachwa peke yake ulishindwa, na aliyeumia ni mtoto asiye na jamaa mwenye uwezo.

MAMBO YALIVYOGEUKA

Liko neno moja la ajabu katika habari hii. Miaka ya 1980 mtoto aliyechaguliwa kwenda sekondari ya serikali alifanyiwa karamu, na aliyekosa ndiye aliyepelekwa shule ya kulipia. Shule binafsi ilikuwa kimbilio la walioachwa. Leo katika mji wa Dar es Salaam mambo yamegeuka juu chini: mwenye fedha humtoa mwanawe katika shule ya serikali ampeleke ya kulipia, na watu humwona kuwa ndiye ampendaye mwanawe.

Mageuzi haya yalikuja kwa sababu kadhaa. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliwafungulia watu mlango wa kuanzisha shule za namna zote, hata za msingi. Mwaka 2002 ada ya shule za msingi za serikali ilikuwa imekwisha kuondolewa, watoto wakamiminika. Tangu mwaka 2004 serikali na wananchi walijenga sekondari karibu katika kila kata. Kisha Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada ya sekondari mpaka kidato cha nne, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na cha sita. Watoto waliongezeka haraka, walimu na vyumba havikuongezeka kwa mwendo ule ule. Katika shule nyingi za mjini watoto wamegawanywa zamu mbili, hawa asubuhi na hawa mchana. Mzazi akiona darasa limejaa namna hiyo, roho yake hukimbilia penye nafasi.

MFANO WA NDUGU WAWILI

Tuseme wako ndugu wawili wenye vibanda vya biashara Kariakoo. Mkubwa asema, "Mimi namwacha mwanangu shule ya serikali, maana ni bure." Mdogo asema, "Mimi nalipa, maana kizuri hununuliwa." Tuwachungue wote wawili.

Mkubwa hakusema uwongo, lakini hakuhesabu yote. Ada imeondoka, ila sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana vyabaki kwake. Tena kwa kuwa darasa limejaa, jioni humpeleka mtoto twisheni, naye hulipa. Asipolipa, mtoto hubaki nyuma ya wenzake walio katika darasa lile lile. Basi hata ndani ya shule ya serikali mna shule ya kulipia iliyojificha. Kosa lake mkubwa ni kwamba aliposikia neno "bure" aliacha kwenda shuleni. Hajui jina la mwalimu wa darasa, hajahudhuria mkutano wa wazazi hata mara moja.

Mdogo naye alipa kwa mihula, na biashara ya Kariakoo yajulikana: leo yapanda, kesho yashuka. Soko lenyewe, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na wengi walipoteza mitaji katika usiku mmoja. Mwenye shule hawezi kungoja mpaka biashara irudi. Mtoto hurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, apoteza masomo, mwisho ahamishwa katikati ya mwaka, na kuhama namna hiyo humvunja moyo. Tena mdogo hakuuliza zaidi ya rangi ya majengo. Hakujua ya kuwa ziko shule zilizokuwa zikiwakaririsha au kuwaondoa watoto dhaifu kabla ya mtihani ili sifa yao isishuke, jambo ambalo serikali imelikataza. Shule ya namna hiyo hupata sifa kwa kuwatupa wanyonge, na kazi ya kuwafundisha huwaachia wengine. Kwa ajili ya mashindano hayo ya sifa, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora tangu lilipotoa matokeo mwezi wa Januari 2023.

Basi ndugu hawa wawili wana kosa moja. Mmoja alidhani serikali itamlelea mwanawe, na mwingine alidhani fedha yake itamlelea. Wote wawili waliiacha kazi ya macho yao.

MAMBO YA KUTAZAMA

Mzazi wa kijijini anayetaka kumpeleka mtoto mjini, kwa ndugu au bwenini, yafaa atazame mambo haya kabla ya kuuza kitu chochote.

Kwanza, aulize namba ya usajili wa shule. Shule ya haki haifichi jambo hili, na ofisi ya elimu ya wilaya yaweza kumhakikishia.

Pili, aulize habari za walimu: wamesomea ualimu, wamekaa muda gani hapo, na darasa moja lina watoto wangapi. Shule ambayo walimu wake hubadilika kila muhula ina ugonjwa ndani yake.

Tatu, atake kuandikiwa ada yote ya mwaka, pamoja na mabasi, chakula, vitabu na michango, apige hesabu ya miaka yote wala si ya mwaka mmoja. Kwa sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima ni miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtu asianze safari ya miaka kumi kwa nauli ya miaka miwili.

Nne, atazame idadi ya watoto walioanza darasa moja na idadi ya waliofika kwenye mtihani. Tofauti ikiwa kubwa, aulize wengine wamekwenda wapi.

Tano, asiidharau shule iliyo karibu naye kabla ya kuichungua kwa mizani ile ile. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ziko shule za serikali ambazo watoto wa wenye mali huzitamani hata leo, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, na huko mtoto huingia kwa kufaulu.

KAZI YA WAZEE NA WALIMU

Limebaki neno kwa wazee na walimu wa vijijini, ambako shule binafsi ni chache na wazazi wengi hawawezi kulipa. Kwenu shule ya serikali ndiyo njia pekee, kwa hiyo ulinzi wake ni wenu. Kila shule ya msingi ina kamati yake, na sekondari ina bodi. Serikali hupeleka ruzuku kwa hesabu ya watoto, na wazazi wana haki ya kuonyeshwa fedha iliyoingia na jinsi ilivyotumika. Mzee asiyeuliza leo, kesho asilalamike kwamba chaki hazipo. Na mwalimu mkuu asichukie kuulizwa, kwa maana mahali ambapo hesabu hubandikwa ukutani, ndipo watu hutoa mchango wa hiari kwa moyo mweupe.

Tena yafaa wenye uwezo wasijitenge. Tajiri wa mtaa au wa kijiji akimtoa mwanawe shule ya serikali, mara nyingi hutoa pia sauti yake, na shule hubaki kwa wale ambao hawasikilizwi. Kama amempeleka mwanawe kwingine, na afanye hivyo, ni haki yake. Lakini aje mkutanoni vile vile, kwa sababu kodi yake ingali humo, na watoto wa jirani zake ndio watakaoishi na mwanawe.

Sasa twarudi kwenye swali la kwanza: zipi zilizo bora? Jibu letu ni kwamba jina la mwenye shule halitoshi kumwambia mtu. Shaaban Robert alisomea mji huu wa Dar es Salaam mwaka 1922 hata 1926, katika siku za nafasi chache na vitabu vichache, na leo jina lake liko mlangoni mwa shule binafsi huko Upanga. Elimu yake iliwafaa watu wote, wala hakuna aulizaye ililipiwa na nani. Wazee wa Kariakoo walipochanga kujenga shule yao, hawakusema kwamba serikali isifanye kazi yake; waliziba pengo huku wakiidai serikali haki ya watoto wote. Hiyo ndiyo njia iliyonyoka hata leo. Anayeweza kujenga shule ajenge, na aifungue mlango kwa maskini kadiri awezavyo; serikali nayo isipunguze wajibu wake kwa sababu wako wanaoweza kulipa; na mzazi, alipe au asilipe, aende shuleni akaone kwa macho yake mwenyewe.

Mtoto aliyeachwa kituoni Msimbazi asubuhi hii ni wetu sote. Akichelewa yeye, tumechelewa sisi.